Asili ya "Mwa-" katika Majina ya Watu wa Kyela na Pwani ya Kaskazini ya Ziwa Nyasa

Mwalimu ye yote apelekwaye kufundisha Kyela, akifungua daftari la mahudhurio kwa mara ya kwanza, hushangaa kuona jinsi herufi moja ilivyolimeza darasa. Chini ya A yumo mtoto mmoja, chini ya S wawili. Bali chini ya M wamejipanga Mwaipopo, Mwakalinga, Mwakyusa, Mwandosya, Mwangoka, Mwasakafyuka, na wenzao wengi. Mgeni hudhani ya kuwa hao wote ni ndugu wa nyumba moja, au ya kuwa "Mwa-" ni alama ya kabila iliyopigwa juu ya jina kama chapa juu ya ng'ombe. Dhana zote mbili hazina msingi. Na kwa kuwa sisi walimu na wachungaji ndio tushikao kalamu majina haya yaandikwapo, hatuna budi kujua silabi hiyo ilitoka wapi na inasema nini.

Maelezo yaliyozoeleka vijijini ni haya: "Mwa-" ni kifupi cha "mwana wa". Kwa Kinyakyusa mwana huitwa umwana, kama kwa Kiswahili, na neno la kuunganisha ni gwa. Kwa hiyo "mwana gwa Kalinga", likitamkwa upesi vizazi vingi, hukatika na kuwa Mwakalinga. Maelezo haya ni mazuri, tena yalingana na desturi za mataifa mengi. Mwarabu husema bin. Hata katika pwani yetu hii, mfanya biashara aliyepigana na Waingereza huko Karonga kuanzia mwaka 1887 aliitwa Mlozi bin Kazbadema. Waskoti wana Mac, na maana ni ile ile.

Lakini wako wasemao ya kwamba "Mwa-" haikutoka katika umwana, bali ni ile mwa ya mahali, tusemayo Kiswahili "nyumbani mwa Kalinga". Ushahidi wao hautupwi. Katika nchi yetu majina ya mahali huanza vivyo hivyo: iko Mwaya ufukoni, iko Mwakaleli milimani. Na kule ng'ambo, katika wilaya ya Chitipa iliyoko Malawi, yuko mkuu aitwaye Mwaulambya. Ulambya si mtu. Ni nchi ya Walambya. Haiwezekani basi kusema ya kuwa Mwaulambya ni mwana wa baba aitwaye Ulambya. Jirani zake huitwa Mwenewenya na Mwenemisuku, na hapo mwene ni mwenye: mwenye Misuku, yaani vile vilima.

Mimi naona ya kuwa hakuna haja ya kumfukuza mmoja ili mwingine akae. Kwa watu wa kale, kuwa mwana wa fulani na kuwa wa nyumbani mwa fulani lilikuwa jambo moja, maana mtu alihesabiwa kwa nyumba. Silabi hii husema "wa nyumba ya", na nyumba hiyo aweza kuwa baba, au babu, au mkuu aliyeishika nchi. Neno "kabila" halimo ndani yake hata kidogo.

Anayetaka ushahidi wa jambo hilo na asafiri mpaka pwani ya bahari. Wadigo wa Tanga na Mombasa wana majina kama Mwapachu na Mwakwere. Wataita nao wanayo Mwakio na mengine ya namna hiyo, na mji wao mmoja huitwa Mwatate. Kijana wa Kyela ashukaye Mombasa huulizwa kama ametoka Kwale au Voi, naye hana undugu wo wote nao ila ule wa lugha zetu za Kibantu kwa jumla. Kwa upande mwingine, wazee husimulia ya kuwa wakuu wa Wanyakyusa walishuka kutoka milima ya Ukinga, upande wa mashariki wa ziwa. Haya, na tuwatazame Wakinga: majina yao yajulikanayo sana ni Sanga, Mahenge, Tweve, nayo hayana "Mwa-". Kama silabi hii ingekuwa alama ya damu, ingeonekana huko kwanza. (Na wanafunzi wakorofi wakiuliza kama mwalimu ni mwana wa Limu, wajibiwe ya kuwa neno hilo ni la Kiarabu, na "mwa" yake ilizaliwa kwa bahati tu.)

Hata hivyo jina laweza kuonyesha upande alikotoka mtu, bali si kwa "Mwa-" yenyewe, ni kwa sauti inayofuata. Mara nyingi hufuata ka-, ambayo kwa Kinyakyusa ni kiambishi cha udogo. Mara nyingine hufuata ki-, nayo ikikutana na vokali huwa ky-, kama vile Kiswahili kinavyogeuza ki- kuwa ch-. Ndivyo tunavyopata Mwakipesile kwa upande mmoja, Mwakyusa na Mwakyembe kwa upande mwingine. Sasa ukipanda kwenda magharibi, kwa Wanyiha wa Mbozi na jirani zao, utakuta Mwashambwa, Mwashiuya, Mwashitete. Sababu yake imo katika majina ya lugha zenyewe: sisi twasema Ikinyakyusa, wao husema Ishinyiha, na Wasafwa husema Ishisafwa. Palipo na ki- yetu, pana shi- yao. Kwa hiyo mwenye sikio, akisikia Mwaki- huelekeza macho ziwani, na akisikia Mwashi- huelekeza macho Mbozi. Ukivuka mto Songwe, Wangonde husema karibu sawasawa na sisi, ila vitabu vya huko vilizoea kuandika r mahali ambapo sisi huandika l. Ndiyo maana Mwafulirwa huandikwa hivyo. Kinyakyusa hakizitengi sauti hizo mbili, basi tofauti hiyo ni ya kalamu, wala si ya kinywa.

Lakini dalili hizi si sheria. Watu wameoana na kuhama tangu zamani. Wengi walikwenda kuchimba dhahabu huko Lupa miaka ya 1930, wengine wakaenda migodi ya kusini, na wapo waliooa na kukaa huko huko. Mwenye jina la Mwaki- aweza kuwa hajapata kusikia neno moja la Kinyakyusa kinywani mwa mama yake.

Tuulize tena: kwa nini majina haya ni mengi kiasi hiki? Jibu limo katika desturi ya kurithisha nchi. Zamani vijana wa Kinyakyusa, wakifikia umri wao, walitoka vijijini mwa baba zao wakajenga kijiji chao wenyewe, wa rika moja. Desturi hiyo iliwastaajabisha sana Godfrey Wilson na mkewe Monica, waliokaa kwetu kati ya mwaka 1934 na 1938, na kitabu cha bibi huyo, Good Company, kilichotolewa mwaka 1951, chaieleza kwa urefu. Basi rika la wana wa malafyale, yaani mkuu wa nchi, lilipokomaa, ilifanywa sherehe kubwa iitwayo ubusoka. Hapo wana wawili wakubwa wa malafyale walitokezwa mbele ya watu, na nchi ya baba yao ikagawanywa sehemu mbili, kila mmoja akashika yake. Kizazi kilichofuata, hizo nazo zikagawanywa. Kila mkuu mpya alikuwa mwanzo wa nyumba mpya, na wazao wake walikuwa na jina jipya la kujitaja. Mti wa namna hii hutoa matawi pasipo kupogolewa.

Ndiyo maana ikikolo, yaani ukoo wa Kinyakyusa, haukuwa na mizizi mirefu kama koo za makabila mengine, na jina halikudumu milele. Mtu alijitaja kwa baba au babu aliyekumbukwa. Wajukuu zake walimtaja yeye. Majina yaliyodumu yalikuwa yale ya enzi: Lwembe wa Lubaga, na Kyungu wa Ungonde. Hayo hayakuwa majina ya mtu bali ya kiti. Aliyekalia kiti aliliacha jina lake la kuzaliwa akaitwa Lwembe au Kyungu. Yatazame, nayo hayana "Mwa-". Maana Lwembe hakuitwa kwa nyumba ya mtu mwingine.

Kisha vikaja vitabu. Mwaka 1891 wamisionari wa Berlin, wakiongozwa na Alexander Merensky, na wale wa Moravian, wakiongozwa na Theodor Meyer, walifika katika nchi ya Wanyakyusa mwaka mmoja. Nyuma yao ilikuja serikali ya Wajerumani, na baada ya vita Waingereza. Kila mmoja alikuwa na daftari lake: la ubatizo, la shule, la kodi, la kazi. Daftari halikubali jina linalohama kila kizazi. Hutaka jina moja likae mahali pake. Jina lililokuwa likitembea likasimamishwa pale lilipokutwa. Aliyesema jina la baba, uzao wake unaitwa hivyo mpaka leo. Aliyesema jina la babu, vivyo hivyo.

Katika jambo hili mchungaji ana kazi yake. Ndugu wawili wa baba mmoja, mmoja aliandikwa misioni, mwingine katika orodha ya kodi, walipata kuandikwa majina mawili mbalimbali, kwa kuwa mmoja alimtaja baba na mwenzake akamtaja babu. Wajukuu wao leo, mmoja wa kiume na mmoja wa kike, wakija kuomba matangazo ya ndoa, cheti hakitaonyesha udugu wao. Na kinyume chake, vijana wawili wenye jina moja waweza kuwa hawana babu mmoja kabisa, maana jina kama Kalinga si la mtu mmoja tu duniani. Desturi yetu ilikataza kuoana kwa watoto na wajukuu wa ndugu, wala haikukataza kuoana kwa herufi. Anayewazuia watu kuoana kwa sababu tu wote ni "Mwa-fulani", na anayewaruhusu kwa sababu tu majina ni mbalimbali, wote wawili wamelisoma jina na kuuacha ukoo. Waulizwe wazee, tena wa pande zote nne: kwa baba na kwa mama wa kila mmoja.

Nimetaja mto Songwe. Kwa mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya tarehe 1 Julai 1890, mto huo ulifanywa mpaka, nao ndio mpaka wa Tanzania na Malawi hata leo. Upande mmoja tukaitwa Wanyakyusa, upande wa pili wakaitwa Wangonde. Wajerumani waliita wote Wakonde, na kitabu cha D. R. Mackenzie cha mwaka 1925 chaandikwa jina hilo hilo. Majina ya makabila yalibadilika kadiri ya watawala, bali "Mwa-" ilibaki pande zote mbili za maji, wala hapana mtu aliyeamriwa kuibadili. Jambo hilo tusilione dogo, maana kwingine duniani halikuwa hivyo.

Wasomaji wanaijua Makedonia kwa sababu ya yule mtu aliyemtokea Paulo katika maono usiku. Nchi hiyo, baada ya vita vya mwaka 1912 na 1913, iligawanywa baina ya Waserbia, Wagiriki na Wabulgaria. Huko alama ya ukoo haikai mbele ya jina kama kwetu, hukaa mwishoni. Mwana wa Petro huitwa Petrović kwa namna ya Kiserbia, Petrov kwa namna ya Kibulgaria, na Petrovski kwa namna ipendwayo na Wamakedonia wenyewe. Waserbia walipotawala, karani aliandika -ić; Wabulgaria walipoikalia sehemu kubwa ya nchi tangu mwaka 1941 hata 1944, ikaandikwa -ov au -ev; nchi ilipofanywa jamhuri mojawapo ndani ya Yugoslavia, -ski ikaenea. Katika sehemu ya Wagiriki, majina yalipewa miisho ya Kigiriki. Hivyo mtu mmoja aliweza kuzaliwa na mwisho mmoja, kuoa akiwa na wa pili, na kuzikwa akiwa na wa tatu, pasipo kuhama nyumba yake. Huko silabi ndogo ilifanywa kuwa swali: wewe u nani, nasi twakuhesabu wapi? Kwetu mpaka ulipita katikati ya watu lakini silabi haikuulizwa. Kilichoharibu majina yetu hapa na pale kilikuwa sikio la karani, mathalani Mjerumani aliyeandika Njassa, kwa kuwa j yake ni y yetu, au karani wa Kiswahili asiyejua Kinyakyusa, aliyeandika alichodhani amesikia.

Kama "Mwa-" imetoka katika siku za wakuu, jina la kwanza la mtu wa Kyela kwa sehemu kubwa limetoka katika siku za misioni, nalo lapendeza mwalimu wa lugha kulichambua. Mengine ni majina ya vitu visivyoshikika: Lusajo, baraka, Lugano, upendo, Lwitiko, imani, Bupe, zawadi, Ipyana, neema, ambalo pia ni jina la kituo cha kale cha misioni karibu na Kyela. Mengine ni sentensi nzima. Atupele ni "ametupa". Ambwene ni "ameniona". Atuganile ni "ametupenda". Ambakisye ni "amenihurumia". Aliyetenda hatajwi, ila kila mtu anajua ya kuwa ni Kyala, yaani Mungu. Hapa kazi hufanywa na mwisho wa neno: -ile na -isye huonyesha jambo lililokwisha kutendeka, na -igwe humwonyesha mtendewa, kama katika Tusajigwe, "tumebarikiwa". Kwa hiyo karani aandikaye "Tusajige" kwa kuharakisha amemnyang'anya mtoto baraka iliyokwisha kutolewa, akamwachia neno lisilo na maana. Vivyo hivyo mwenye kuiacha "Mwa-" ili jina lienee katika kisanduku cha fomu amemtoa mtu nyumbani mwake. Fomu za siku hizi zina visanduku vifupi kweli, lakini visanduku vyaweza kuchapwa upya.

Limebaki jambo moja, nalo ndilo lililonisukuma kuandika. Kwa desturi ya Wanyakyusa, mwanamke aliyeolewa humcha baba mkwe wake. Kitendo hicho huitwa ukutila. Hakutani naye njiani, hamtazami usoni, wala halitaji jina lake. Tena si jina tu: hata neno la kawaida likifanana kwa sauti na jina la mkwe, yeye huliacha akatafuta jingine. Kama jina la mkwe lingekuwa na sauti ya amisi, yaani maji, basi mkamwana angeyaita maji kwa neno lingine maisha yake yote, na wanawake wenzake wakamwelewa. Mkamwana huyo kwa Kinyakyusa huitwa ingamwana, na wasomaji wataona jinsi maneno hayo mawili yanavyofanana. Wazulu na Waxhosa wanayo desturi ya namna hiyo, nao huiita hlonipha. Desturi imepungua mijini, na wako wake vijana wasioishika; bali katika vijiji vya Kyela bado wako waishikao, na si wazee tu.

Haya, sasa mama huyu amleta mtoto kuandikishwa darasa la kwanza. Mwalimu auliza, "Jina la mtoto?" Mama ajibu, "Bupe." "Bupe nani?" Mama anyamaza. Jina la ukoo la mtoto ni jina la baba mkwe wake. Lile lile asilolitamka tangu siku ya kuolewa. Mwalimu mgeni huuliza mara ya pili kwa sauti kubwa zaidi, kisha husema mbele ya watu ya kuwa mama hajui hata jina la mtoto wake. Mama huinama. Wengine hutaja jina la baba yao wenyewe ili waondokane na aibu, na hivyo mtoto huingia shuleni kwa jina la nyumba ya mama, na miaka saba baadaye cheti chake cha shule hakipatani na cheti cha ubatizo. Makosa mengi ya majina tunayohangaika kuyasahihisha, nadhani, yalizaliwa katika ukimya huo, nasi tuliwalaumu wanawake kwa ujinga wasiokuwa nao. Mwanamke akwepaye kila neno lenye sauti ya jina fulani ndiye alijuaye jina hilo kuliko mtu ye yote.

Wachungaji kadha wa kadha wa vijijini wanayo njia yao, nayo haina gharama. Hawamwulizi mama jina la ukoo. Humwuliza mtoto mwenyewe, ambaye hana mwiko juu ya babu yake. Au wifi aliyemsindikiza, kwa maana yeye ni binti wa nyumba hiyo na hulitaja pasipo shida. Asipokuwapo mtu, huomba kadi ya kliniki wakainakili, kisha humwonyesha mama maandishi na kumwuliza, "Ndilo hili?" Naye huitikia kwa kichwa.